Kiti cha Pweza Chini ya Tenga la Nyanya

Walimu vijana, kabla hamjamwonyesha mtoto wa Lushoto kiti cha pweza, mwonjesheni kwanza maji ya bahari. Tone moja tu, kwenye ncha ya ulimi. Atakunja uso, atatema, atawatazama kama mmemtapeli. Hapo ndipo yuko tayari kufundishwa. Mimi nililijua hilo kwa njia ndefu, na leo nawapa bure, jambo ambalo walionijua sokoni hawataliamini.

Nimefundisha sayansi shule ya msingi huku milimani mpaka nikastaafu, lakini watu wakinikumbuka hawaanzi na sayansi. Wanaanza na kwamba yule Mwalimu anahesabu kila kitu mara mbili. Ni kweli. Mama yangu aliuza mboga Lushoto, akanifundisha kwamba hesabu ya kwanza ni ya mnunuzi, ya pili ndiyo yako. Mafungu ya karoti, chenji, vifaranga, watoto wa darasa la tano: hesabu, halafu anza upande wa pili uhesabu tena. Sijapoteza mtoto hata mmoja. Karoti nimewahi.

Sasa, huyu kiti cha pweza. Si kiti, na pweza sijawahi kumwona amemkalia. Si samaki pia, maana hana magamba, hana mapezi, hana mkia, na ukimtafuta kichwa utatafuta mpaka maji yajae. Ana mikono mitano, mdomo uko chini katikati, na ubongo hana. Nikiwaambia watoto kwamba hana ubongo na bado anajitafutia chakula, kila mara kuna mmoja anayemgeukia jirani yake na kumwangalia kwa matumaini.

Mara ya kwanza kumfundisha nilikuwa na picha ya kitabuni, kubwa kama harage. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hili ua linaota wapi?" Nikasema si ua. Akasema, "Basi ni nani kalibandika kwenye jiwe?" Nikajua hapo hatujaanza.

Kwa hiyo nilibuni njia zangu. Chukua peasi, ulikate kwa upana, si kwa urefu. Katikati utaona nyota yenye vyumba vitano. Mpe kila mtoto kipande ahesabu, mara mbili, halafu ale. Kipindi hicho hakuna anayesinzia. Baadaye zikaja simu, nikawaonyesha video. Wakafurahi, ila kwao alikuwa kitu cha simu tu. Mmoja aliniuliza wanyama kama huyo wanaingia wangapi kwenye kadi ya simu. Mwaka mwingine mfanyabiashara fulani aliniletea mkavu kutoka pwani, akataka bei ya mbuzi. Tukashushana mpaka bei ya yai, nikamtundika darasani. Kwa wiki nzima tulijifunza uvundo. Mkavu hafundishi kingine. Hatembei, hali, hajigeuzi, na mtoto akimshika anaamini bahari imejaa mawe ya urembo.

Nikaamua watoto washuke wakamwone anaishi.

Kushuka kunahitaji gari, na gari lilikuwa la Baba Mwajabu. Alikuwa na Kosta moja iliyokuwa ikibeba watu na matenga ya nyanya kutoka Lushoto hadi Tanga, na usukani hakumwachia mtu. Bintiye Mwajabu nilikuwa namfundisha mimi, darasa la tano. Nilimfuata stendi, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za mboga na za mvua, maana biashara inayoanza na bei huishia na hasara.

"Nataka gari siku moja," nikasema. "Wazazi wamechanga mafuta."

"Na mimi je?"

"Wewe utaona bahari."

"Mwalimu, bahari naiona kila wiki. Iko palepale."

Nikamweleza. Nikafika kwenye habari ya mkono: kwamba kiti cha pweza akikatwa mkono, mkono huota tena. Nilidhani hapo nimeuza. Kumbe ndipo nilipoharibu. Baba Mwajabu aliinua mkono wake wa kushoto mbele ya uso wangu. Kidole cha shahada kilikuwa kimebaki nusu. Kilibanwa na mlango wa nyuma wa lori enzi za ujana wake, na Lushoto nzima ilijua.

"Hiki nimekingoja tangu sijaoa," akasema. "Nimekipaka mafuta ya nazi, nimekiombea dua. Usimfundishe mwanangu kwamba vitu vilivyokatika hurudi."

Mwajabu alikuwa amesimama pembeni na ndoo ya mama yake. Akasema polepole, "Baba, Mwalimu ameisoma."

"Kusoma si kuona."

Hapo ndipo tulipofunga biashara. Safari ile atatupeleka kwa mafuta tu. Tukimpata kiti cha pweza aliyekatika mkono, tutamhifadhi palepale baharini, na yeye atakuwa akimpitia kila akishuka. Mkono ukiota, atapeleka darasa langu kila mwaka kwa mafuta peke yake. Usipoota, au mnyama akifa, nisimuulize tena habari ya gari mpaka mmoja wetu azikwe. Gari lingine la bei ile halikuwepo Lushoto nzima, na sote wawili tulilijua. Tukapeana mikono. Alinipa ule wenye kidole kifupi, makusudi.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, maana maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali kuliko siku nyingine, hutoka asubuhi na hayamngoji mtu aliyelala. Andikeni hili: usiangalie kalenda ya shule, angalia mwezi. Mwezi mwandamo au mpevu, ndipo bahari inafungua mlango. Mombo tulisimama, nikahesabu watoto, nikapata mmoja zaidi. Nikarudia kutoka nyuma, bado mmoja zaidi. Alikuwa ni Baba Mwajabu, ametoka kwenye usukani, amekaa katikati ya watoto ananunua mahindi ya kuchemsha dirishani.

Pwani tulipokelewa na Bi Riziki, mkulima wa mwani katika kijiji kimoja nje ya mji wa Tanga. Tulijuana kwa biashara: mimi nilimpelekea kabichi na mapeasi, yeye akanipa dagaa. Na huyu mama, nawaambia, ndiye mtu pekee aliyewahi kunishusha bei nikashukuru.

"Shikamoo bibi," watoto wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Mwalimu, kabichi mwaka huu zimekonda."

"Zimetembea mbali."

"Na watoto je, wamekula? Maana huko niendako nao, mtoto mwenye njaa anakanyaga hovyo."

Alituongoza kwenye maji ya kifundoni, katikati ya majani ya bahari. Alitufundisha kuburuza miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki mwenye miba aliyejificha mchangani asikie tunakuja naye apishe. Alitufundisha kulowesha mikono kabla ya kushika. Na hili ndilo nililolipenda kuliko yote: ukimtoa kiti cha pweza majini, bana pumzi. Pumzi ikikuishia, naye imemwishia, mrudishe.

Halafu akainama, akamgeuza mmoja ndani ya maji, tumbo juu.

Nimefundisha miaka mingi, na nimeyaona madarasa yakinyamaza kwa fimbo, kwa njaa na kwa mkaguzi. Kunyamaza kwa siku ile sikuwahi kukusikia. Chini ya kila mkono kulikuwa na safu za vijimiguu, vyembamba kama mizizi ya mche wa kabichi, mamia, vyote vinapapasa, kila kimoja kinatafuta pa kushika. Mgongoni alikuwa wa kijivu mwenye vinundu vyekundu, kama mtu aliyevaa koti la heshima. Chini alikuwa soko siku ya gulio.

Halafu wote wakasema mara moja.

"Mwalimu, kimenishika kidole."

"Mdomo huu hapa. Meno yako wapi?"

"Hana meno," nikasema. "Akimpata chaza au konokono, hulitoa tumbo lake nje kwa mdomo, hulifunika juu ya chakula, akala hapohapo nje, kisha akalirudisha."

Deo, kijana wa Rangwi aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake karibu na shule, alifikiri. "Kwa hiyo anatoa tumbo linakwenda mezani."

"Ndiyo."

"Na shangazi anasema mimi ndiye sina adabu."

Nikawaonyesha ncha za mikono, penye kidoa kidogo kinachotofautisha mwanga na giza. Macho yake yako huko, moja kila ncha. Mwajabu alinyoosha vidole vyake vitano mbele ya uso, akafumba macho, akajaribu kuona. Nikamwacha. Hayo ndiyo masomo.

Ni yeye aliyempata tuliyemtaka. Alikuwa kwenye kidimbwi kando ya mawe: mikono minne, na mahali pa mkono wa tano kigutu kibichi. Bi Riziki akasema huyo ameng'atwa, labda na samaki, labda na kaa, wala si muda mrefu. Tukamtia kwenye beseni la Bi Riziki pamoja na maji yake ya bahari. Baba Mwajabu akahesabu mikono. Nami nikahesabu. Tukakubaliana, jambo la nadra.

Tatizo likawa jinsi ya kumfanya asiende zake mpaka mkono uote. Baba Mwajabu mwenyewe ndiye aliyesema, "Tenga." Tenga la nyanya lina matundu pande zote, ukilifudikiza kwenye kidimbwi chenye kina na kuligandamiza kwa mawe, maji yanaingia, vyakula vidogo vinaingia, na mwenyewe hatoki. Akaenda kulichukua kwenye Kosta. Mimi na Bi Riziki tukaenda kuchagua kidimbwi kisichokauka maji yakitoka, na njiani tukabishana kabichi ngapi zitalipia ulinzi. Beseni tuliwaachia Mwajabu na wenzake, waliangalie tu.

Sasa fikirini. Watoto wa Lushoto. Kila asubuhi, kabla ya shule, mtoto wa kwetu ameshamwagilia kitalu. Anajua mche uliolala kwa jua; anajua dawa yake. Na jua la pwani lilikuwa kali, na mnyama kwenye beseni alikuwa ametulia, amelegea kidogo, na maji aliyokaa ndani yake yalikuwa na mchanga na vijinyasi. Kila mtoto alikuwa na chupa ya maji ya chemchemi ya nyumbani, ya baridi, yanayong'aa. Maji tunayojivunia sisi. Mgeni akija kwetu hatumpi mabaki.

Wakayamwaga yale machafu. Wakajipanga foleni, kwa zamu, bila kusukumana, kila mmoja akamimina chupa yake.

Nilirudi nikawakuta wanamalizia. Walikuwa wamependeza kwa furaha. "Mwalimu, tumemmwagilia," Mwajabu akasema.

Bi Riziki alichovya kidole kwenye beseni, akakionja, akaliinua beseni zima akakimbia nalo kwenye kidimbwi, yule mama wa makamo yale, khanga imeshikwa kwa meno. Alipomtumbukiza, mnyama alizama kama jani la kabichi lililochemshwa. Vijimiguu havikushika kitu. Vilining'inia.

Nikawakusanya watoto nikawaambia ukweli, kwa sauti ileile ya darasani, maana mtoto huogopa zaidi ukinong'ona. Huyu hana damu kama yetu. Bahari ndiyo damu yake. Maji huingia kwa kijichujio kidogo mgongoni, yanapita mikononi mwote, ndiyo yanayovipa vijimiguu nguvu ya kushika. Ukimweka kwenye maji matamu, yasiyo na chumvi, ni kama umemtoa damu umtie chai.

"Lakini yalikuwa masafi," Mwajabu akasema.

"Yalikuwa masafi sana."

Hakulia. Alikaa kwenye jiwe, akakishika kizibo cha chupa yake, akakifunga, akakifungua, akakifunga.

Baba Mwajabu akatokea na tenga kichwani. "Vipi, umeshaota?" Akaona nyuso. Akaambiwa. Akatazama kidimbwi, akamtazama binti yake, na mimi nikamtazama yeye, kwa sababu biashara yote ilikuwa mkononi mwake. Angesema amekufa, basi, na hakuna ambaye angembishia. Safari za watoto wangu wote wa mbele zilikuwa zimelala chali mle majini.

"Mpaka maji yatakaporudi," nikasema haraka. "Tumpe muda mpaka yatakapofika kwenye jiwe alilokalia Mwajabu."

"Mwalimu, wewe utakufa unanadi."

"Mpaka kwenye jiwe."

Akatua tenga. "Mpaka kwenye jiwe."

Kuna njia ya kumpima kiti cha pweza kama ana uhai, na Bi Riziki aliijua: mlaze chali majini, umwache. Mwenye nguvu hakubali kulala chali. Akaingia, akamgeuza, akatoka. Tukasimama kuzunguka kidimbwi. Maji yakaanza kurudi, unajua yanavyorudi, hayasikiki. Unatazama mchanga mkavu, ukitazama tena si mkavu. Deo alikuwa akiniambia yamefika wapi bila kuulizwa, mpaka nikamwomba anyamaze.

Maji yaliligusa jiwe. Mwajabu akainua miguu ili yasimfikie miguuni, kana kwamba hilo lingeyazuia.

"Huo," Bi Riziki akasema.

Ncha ya mkono mmoja ilikuwa imejikunja. Kidogo tu, kama jani jipya la maharage. Ikajikunja zaidi, ikafika mchangani, na vijimiguu viwili vitatu vikashika. Mkono wa pili ukafuata. Wa tatu ukapinda ukaachia, ukapinda tena. Na nilikiona kwa macho yangu kile kigutu, hakina kitu cha kushikia, lakini nacho kikijaribu, kikiinuka na kushuka pamoja na wenzake.

Baba Mwajabu alikuwa amechuchumaa, suruali imelowa mpaka mapajani, anasema kwa Kiswahili na Kishambaa vikiwa vimechanganyika, kama mtu anayemwongoza dereva mwenzake kurudi nyuma kwenye kona za Mombo. "Njoo. Njoo bado. Kulia kidogo. Njoo." Na akaja. Aliinuka kama mkate unaopinduliwa kikaangoni polepole, akasimama ukingoni, tukadhani ataanguka upande uleule, kisha akaangukia tumbo.

Watoto walipiga kelele ambayo nadhani ilifika Pangani. Baba Mwajabu hakupiga. Alikwenda kwenye lile jiwe, akambeba binti yake mgongoni, ingawa darasa la tano hawabebwi, akamrudisha nchi kavu.

Tulimfudikizia tenga. Bi Riziki akatutoza kabichi sita, tukakubaliana nne.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifundisha nini maana ya mwanafunzi. Kila akishuka Tanga, Baba Mwajabu alikuwa akipitia kwa Bi Riziki maji yakiwa yametoka, na akirudi ananipa taarifa stendi, mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayedai deni. "Mwalimu, hakuna kitu." Wiki zikapita. "Hakuna kitu, ila kidonda kimefunga." Halafu siku moja alikuja mpaka shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya matokeo.

"Kuna kitu," akasema.

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama jicho la kiazi linapoanza kuchipua."

Darasa zima likageuka kumtazama Mwajabu. Yeye alikuwa ameinamia daftari, lakini mimi nayajua masikio ya mtoto anayetabasamu.

Mwaka uliofuata tulishuka kwa mafuta tu. Mwajabu alikuwa amepanda darasa la sita, safari haikuwa yake tena, lakini nilimchukua awe msaidizi wangu. Pale ufukweni, kabla mtoto yeyote hajagusa maji, aliwapanga mstari, akawaambia wachovye kidole na waonje. Wakatema. Mmoja akauliza kwa nini mnyama mzuri anakaa kwenye maji mabaya hivi.

"Si mabaya," Mwajabu akasema. "Ni yake."

Nilikaa nikaandika sentensi hiyo kiganjani. Nimewahi kufundisha mada nzima kwa vipindi vinne bila kufika hapo.

Tukaondoa mawe, tukalifunua tenga. Nikahesabu mikono: mitano. Nikaanzia upande wa pili: mitano. Ule wa tano ulikuwa mfupi, mwembamba, rangi yake changa kuliko mingine. Baba Mwajabu akaingia majini, akalaza mkono wake wa kushoto mchangani kando yake. Kidole kile na mkono ule vilikuwa vimelingana urefu, sawasawa kama vimepimwa.

Akavitazama kwa muda. "Huyu bado anaendelea," akasema. "Mimi ndiyo nimefika."

Kisha akaniambia nimtajie mwezi wa mwaka ujao mapema, asije akachukua abiria wengine.

Tulimwacha aende. Kiti cha pweza akikimbia, mtu anaweza kunywa uji. Watoto walikula, waliosha mikono, waliaga. Yeye alikuwa amesogea urefu wa kiatu tu, anaelekea kwenye majani. Bi Riziki alibaki na tenga, akidai ni sehemu ya mkataba. Sikumbuki mkataba huo, ila nilikuwa nimechoka kushinda.

Nikawapandisha watoto kwenye Kosta, nikahesabu kutoka mbele. Nikahesabu kutoka nyuma. Wote walikuwemo. Nikapiga bati mara mbili, gari liondoke, tuwahi kupanda mlima kabla ya giza. Halikuondoka. Baba Mwajabu, ambaye stendi nzima ilimjua kwa kumwacha hata mkwe wake akichelewa, alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, uso umeelekea baharini.

"Wote wamo," nikamwambia. "Nimehesabu mara mbili."

"Rudia, Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Mmoja bado hajafika kwenye majani."